Msumari wa Sitini na Moja

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila mdomo haujafungika tangu jana.

Nimefika kwenye mji wenu wa mgodi. Kampuni imenituma nichague mahali pa kulaza watalii kwenye mahema. Nilidhani nitakuta magofu tu. Baba, lile shimo! Nilisimama ukingoni nikajiona sisimizi. Jua lilipopiga ukuta wa ng'ambo, mawe yakameta yote kwa pamoja, nikajikuta nimevua kofia. Sijui nilimvulia nani. Kweli mlichimba kwa mikono?

Pa kuchagua ni patatu: ua wa shule umejaa vioo, kilimani kwenye tangi la maji kuna upepo, uwanda nyuma ya ofisi ni tambarare kama meza. Nimeupenda uwanda. Wewe uliyekula chumvi ya huko miaka tisa, unasemaje?

Ofisini ubao wa vibati vya namba bado upo. Sitini yako, na sitini na moja ya Baba Mdogo. Kumbe hata alipotutoroka alirudisha mali ya watu!

Mwanao,
Kitindamimba

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanatabiri mvua kuliko redio.

Usilaze mtu uwandani. Chukua mtaimbo, gonga, sikiliza. Ardhi nzima hujibu kwa mkato. Iliyochimbwa chini huitika kama ngoma. Sisi tuligonga dari kila asubuhi kabla ya kushika kazi, na asiyesikiliza hakuzeeka.

Nenda kilimani. Ubao uache kama ulivyo.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimegonga. Uwanda uliitika mpaka nikaisikia sauti kwenye nyayo, nikarudi kinyumenyume kama mtu anayemuaga mfalme. Watu ishirini ningewalaza pale! Sijawahi kuiogopa ardhi hivi, wala kuiheshimu hivi.

Lakini kwenye neno "ubao" wino wako umevuja, kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Kuna nini, Baba?

Kitindamimba

27 Agosti

Mwanangu,

Nisamehe ukimya. Barua hii nimeichana mara nne.

Kila mtu alishuka na kibati chake, akitoka alikitundika. Msumari mtupu maana yake mtu bado yuko chini, na baruti haiwashwi. Siku ile mdogo wangu alikuwa amesahau patasi yake. Tukiwa karibu na mlango akanipa kibati: "Kaka, nitundikie, nakuja nyuma yako." Akarudi chini kuifuata; hakutaka kupanga foleni ya ubao upya. Nikatundika viwili. Nikaenda kunawa uso.

Mwasha baruti akautazama ubao. Ulikuwa umejaa.

Waliuliza yuko wapi. Ubao ulisema ametoka, nami nikasema ametoroka. Niliogopa. Nilimwambia hivyo hata mama yangu, akafa akingoja barua yake. Yuko chini ya uwanda wako. Miaka thelathini na mbili nimeubeba mwamba huo peke yangu, na leo nimekutwisha wewe.

Baba yako

4 Septemba

Baba,

Shikamoo.

Nimekukasirikia siku tatu. Nilipiga kelele ukingoni, shimo likanirudishia kila neno. Bibi alikuwa akinituma mlangoni nikiwa mdogo, niangalie kama tarishi amepita. Hilo sijalisamehe bado, nakwambia ukweli.

Mahema yako kilimani. Uwanda nimeuzungushia mawe meupe, hakuna atakayekanyaga. Wageni wa kwanza walifika juzi, wakaliona shimo asubuhi jua likiingia, wakavua kofia kama mimi. Nikawaambia: walioyafanya haya walikuwa watu, na mmoja bado yumo.

Hema la mwisho, lililokingwa upepo, ni lako. Lori la maji hupanda kila Jumanne, dereva nimeshamwambia akuweke mbele kwa ajili ya magoti. Njoo umsemeshe mdogo wako.

Samahani, ubao sikuuacha. Kibati chake kiko mfukoni mwangu, nitakukabidhi ukishuka. Msumari wa sitini na moja sasa ni mtupu.

Mwanao,
Kitindamimba