Pikipiki Nyekundu na Gunia ya Maharagi

Mujukuu wangu Amani,

Tunakusalimia toka Nyabiondo. Maharagi imekomaa, mama yako iko muzima, na koko yako mwanamuke anakutaja mu kila maombi.

Unaniuliza ununue pikipiki gani kule Goma. Hata mimi sijue! Nikiwa kijana nilienda Mweso kujaribu zenye zilikuwa za kuuzisha. Nyekundu ilikuwa nyepesi, inaruka tu. Ya bluu ililia muzuri. Nyeusi ilikuwa nzito kama ngombe. Nilipanda hii, nikashuka, nikarudilia ile, nikicheka peke yangu, mpaka kichwa ikavurugika kabisa.

Njo koko yako mwanamuke, tulikuwa tumetoka kuoana na tulikuja naye kuuzisha maharagi, akaniuliza: "Bwana, unazijaribu tupu, bila muzigo? Huku nani anatembeaka tupu?" Akapanda nyuma na gunia ya maharagi. Mu mulima nyekundu ikazimika. Ya bluu ikalia, haikupanda. Nyeusi ikatufikisha juu.

Nilinunua nyeusi. Lakini mpaka leo nyekundu ikipita mu barabara, ninasimama kuiangalia, na sijue kama nilichagua muzuri. Koko yako anacheka tu. Angali anapanda nyuma yangu.

Basi mimi njo nikuulize: nyuma yako atapanda nani?

Koko yako