Viti vya Mbele

Bariadi, Jumamosi, 1975

Bado nina hasira. Leo bendi ya marehemu mume wangu, Baba Kulwa, imepiga kwenye baa yake kumkumbuka, na watu waliokuja kwa miguu na vumbi la mashamba ya pamba wamesimamishwa ukutani.

Baba Kulwa aliendesha baa ile na bendi kwa sheria moja: viti vya mbele ni vya waliokuja kwa miguu. Mwenye gari, alisema, hajachoka. Aliwapokea mwenyewe mlangoni kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, karibuni," akawapa maji ya kunawa kabla ya kuuliza watakunywa nini.

Leo meneja mpya kamwinua bibi mmoja mbele ya macho yangu. "Ndugu, pisha. Hapa ni pa viongozi."

Ndugu! Halafu kiongozi mmoja akashika kipaza sauti, akasema marehemu alitufundisha usawa. Bibi wa watu amesimama nyuma, viatu mkononi, hana pa kukaa avivae.

Nilitaka kupiga kelele, lakini sijui kupiga kelele. Baba Kulwa alikuwa akinicheka kwa hilo. Nikabeba kiti changu hadi ukutani, nikamkalisha bibi.

Mpiga gitaa akaniona, akasimamisha wimbo. "Mama Kulwa amehama," akasema. "Basi mbele ni kule."

Bendi nzima ikageuka. Viongozi wakabaki wanatazama migongo ya wanamuziki.

Hasira haijaisha. Lakini ungemwona bibi, Baba Kulwa, alivyovaa viatu vyake ndipo akaingia kucheza.