Alhamisi Anapakia Ndizi, Ijumaa Haamki

Mshauri wangu mpendwa, tarehe 14 Agosti 2021 nilipoteza mwanamume aliyekuwa akipakia mikungu tisini ya ndizi kwenye lori kabla ya saa moja asubuhi, na usidhani alikufa, yuko hapa Nyakoe amejifunika blanketi. Siku hiyo mume wangu, Baba Brandon, alishikwa na Korona, mimi nikafuata baada ya siku tatu, tukajifukiza kwa sufuria moja, na wiki mbili baadaye mimi nilikuwa sokoni Daraja Mbili nauza ndizi, lakini yeye mpaka leo anasema uchovu haujamtoka. Daktari akamwambia ni Korona ya muda mrefu, nami siamini, maana ugonjwa gani huo usioonekana kwenye damu wala kwenye picha ya kifua? Shemeji Machogu anasema ni chanjo, lakini tulichanjwa Oktoba na yeye alianza kulala Agosti, kwa hivyo hesabu ya Machogu inakataa.

Mimi nasema ni uvivu, na ushahidi ninao kwenye kalenda ya jikoni. Mwezi wa Mei mwaka huu alipakia Alhamisi tatu, tarehe 8, 15 na 22, mikungu sitini kila mara, kumbe nguvu anazo! Halafu akalala tarehe 9 na 10, 16 na 17, 23 na 24. Siku zingine zote yuko sawa, anakata majani ya ng'ombe polepole na kupiga stori. Mgonjwa wa kweli si angelala kila siku?

Nikimwamsha ananiambia, "Mama Brandon, mwili umekataa."

Namuuliza, "Umekataa kazi ama umenikataa mimi?"

Anacheka, halafu anaomba uji. Nampelekea, maana bado nampenda, lakini hilo usilichape gazetini.

Jumapili nimewaita wazee wa kwao kutoka Magwagwa nimshtaki mbele yao. Nianze na Mei ama nianze na 2021?

Kwamboka, Nyakoe

*

Mama Brandon, nimelichapa makusudi, alisome.

Pole. Miaka yote hii umebeba biashara peke yako, na hasira yako naielewa. Lakini wewe mwenye hesabu kali hivyo, mbona hukusoma tarehe zako? Kila akipakia mikungu sitini, analala siku mbili. Asipopakia, halali. Mvivu hulala kabla ya kazi, mama, wala hangojei aimalize.

Ni kweli wataalamu bado wanabishana kuhusu chanzo cha ugonjwa huu, na hakuna kipimo kimoja cha kusema huyu anao na huyu hana. Una haki ya kuuliza. Lakini kutojua chanzo hakumfanyi mumeo mwongo, na wewe kupona haraka si kipimo chake.

Ng'oa kalenda ukutani uipeleke kliniki pamoja naye. Apimwe moyo, sukari na upungufu wa damu, kwa sababu si kila uchovu unatoka kwa Korona. Asipakie tena. Tafuta kijana mwenye mgongo imara, naye Baba Brandon aketi kwenye kiti akichagua ndizi zilizokomaa. Akichoka, apumzike kabla hajaanguka, na usimwite mvivu mbele ya watoto.

Wazee hawana la kuamua hapo. Kufikia Ijumaa saa kumi jioni niandikie neno moja tu: kikao umekifuta, ndiyo au la?