Chumvi Iliyopanda Waya

Shoga, usinipigie. Soma tu.

Nimetoka kutetea tasnifu ya udaktari. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya maabara. Sijalia. Sihisi kitu chochote.

Unaikumbuka ile safu niliyokuchosha nayo, chaji zinazojipanga pale waya unapogusa chumvi iliyoyeyuka? Tasnifu nzima inasema safu hiyo inakua kadiri muda unavyokwenda. Msimamizi wangu alikuwa anatabasamu utadhani anaozesha binti.

Halafu mimi mwenyewe, kwa kiherehere changu, nikautoa waya kwenye mkoba. Mimi mwenyewe! Nilitaka wauone.

Mtahini, yule mama mpole, akaugeuzageuza. Akakwaruza kwa ukucha ukoko mweupe ulioganda juu ya alama niliyoichora kwenye waya.

"Mwanangu, waya ulizama hadi wapi?"

Nikasema hadi kwenye alama.

"Na chumvi ya huku juu ilifikaje?"

Ilipanda, shoga. Ilipanda polepole kama mafuta ya taa kwenye utambi, ikagusa chuma zaidi na zaidi, na kipimo cha chaji kikapanda nayo. Safu haikukua. Haikukua hata kidogo.

"Ilifikaje, mwanangu?" Akarudia kwa upole uleule. Heri angenifokea.

Nikajibu, "Ilipanda." Msimamizi akavua miwani. Wamesema nikaanze vipimo upya, vyote.

Mama yangu amepiga simu sasa hivi. Nyuma yake nyumba nzima inapiga vigelegele. Akasema, "Daktari wangu!"

Nikaitika, "Abee, mama."