Matanga Bila Pombe

Baba,

Matanga yako yameanuliwa Jumamosi, na pombe haikunyweka uani kwako hata tone. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Baba Mkubwa Wambura ameniita jeuri mbele ya ukoo mzima. Sawa. Jeuri sikuiokota njiani, nimezaliwa nayo, na aliyenizaa ni wewe.

Tulikuzika Butiama kwenu, kama ulivyotaka. Homa yenyewe ilikuchukua haraka, hata sikupata muda wa kukuuliza nani akuombee. Mtu wa dini yako hakuja kwa sababu hayupo. Musoma hayupo, Mwanza hayupo, sidhani kama yupo nchi hii. Mchungaji mmoja wa Bunda alifika, akala, akasema hawezi kumwombea mtu wa sinema ambaye tena ni Mmormoni, na hata Mmormoni ni kitu gani hajui. Nikamwambia basi kaa, utuachie marehemu wetu. Nikaomba mimi, mwanamke, kwa Kizanaki, maneno machache kama yale uliyokuwa unaomba nyumbani kwetu Nyasho, Musoma, kabla hatujala. Shangazi zangu walinitazama kwa jicho la pembeni. Sikuacha mpaka nimefika amina.

Watu wamekuwa wakiniuliza tangu siku ile, dini hiyo baba yako aliitoa wapi. Nawaeleza kama ulivyokuwa unatuelezaga. Ulipelekwa Amerika kujifunza sinema, Uhuru ukiwa bado mbichi, na waliokufundisha kazi walikuwa Wamormoni waliokuwa wanatengeneza filamu za kanisa lao na za shule. Ulianza kwa kubeba taa na kuvuta nyaya, wakakupa mkasi ukakata filamu, mwisho wakakupa kamera. Hawanywi pombe, hawavuti sigara, hata chai na kahawa hawagusi, na wewe ukawa hivyohivyo. Uliporudi, wenye maduka wa mtaa wa Iringo wakikukaribisha chai ulikuwa unaomba maji ya moto matupu. Walidhani unaogopa kulogwa. Mama alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

Na yale mengine siwaelezi, lakini wewe nakwambia leo, maana yamenikaa kooni. Kule kule walikokubatiza, kwa rangi yako hiyo, hukuruhusiwa kubariki mkate wa ibada. Walikuruhusu kubeba taa zao, mkate hapana. Nilikuuliza siku moja tukiwa tunarudi Bunda, dini iliyokukalisha nyuma unaishikia nini? Tulipovuka mto ukasema, "Mungu siyo wa kwao peke yao, Nyangeta. Na mimi siondoki ili wao wapate nafasi." Nilikasirika sana siku ile. Bado nina hasira, Baba. Lakini sasa nimeelewa ulikuwa unasimamaje.

Sasa nikwambie ya matanga.

Baba Mkubwa alikuja siku ya tatu na wazee wenzake, akasema mtama ulowekwe. Matanga hayaanuliwi kwa uji, alisema. Wazee wasipokunywa pombe ya marehemu, msiba unabaki wazi, na msiba ukiwa wazi Mama hatoki nje ya nyumba. Haendi shamba, haendi sokoni, hashiki jembe wala beseni, na hakuna wa kumsalimia mkono. Ulikuwa msimu wa palizi, pamba inamezwa na majani, na Mama amekaa kwenye mkeka anatazama mlango. Nikasema pombe sipiki. Baba alikataza pombe nyumbani kwake akiwa hai, haiwezi kuingia kwa sababu amelala. Baba Mkubwa akasema, "Basi mama yako atazeeka humo ndani, na ni wewe umemfunga." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa na ukweli kidogo.

Nilikwenda kwa Mama. Nilimwambia ukisema nipike, napika sasa hivi, wewe ndiye unayekaa humu. Mama alinitazama akaniambia, "Nimekaa na baba yako miaka yote bila kikombe cha chai. Nitashindwa na mkeka?" Basi. Nikatoka nje upande wetu una watu wawili, mimi na yeye.

Wa tatu alikuwa Hamisi. Dereva wako alikuja Ijumaa na gari la sinema kutoka Musoma, kutoa pole, na mkononi ana boksi. Ile filamu ya Mugango, Baba. Ile uliyoniachia kamera nikupige wewe, ufukweni, ukinunua samaki, ningu. Ilikuwa imekwenda Dar kusafishwa, ikarudi wewe ukiwa umeshazikwa. Nililishika lile boksi nikashindwa kulifungua. Hamisi akasema jenereta ipo, mafuta yapo kidogo, na yeye pombe haimhusu, yupo upande wangu.

Ndipo nikapata akili. Nikatuma neno kwa wazee wote: Jumamosi jioni njooni, mtamwona ndugu yenu.

Walikuja. Walikuja hata waliosema sinema ni ya shetani, na balozi wa nyumba kumi akaja na wake zake wote wawili. Baba Mkubwa alikuja na mtungi. Aliuleta mwenyewe, umefungwa jani la mgomba mdomoni, akauweka katikati ya uwanja, akasema, "Umekataa kupika, hujakatazwa kupikiwa." Watu wakacheka. Nilisimama karibu na mashine ya sinema nikasema kwa kipaza sauti, ili hata aliye nyuma asikie: mtungi huo ukifunguliwa nazima. Mkitaka pombe, nje ya boma ni pakubwa. Mkitaka kumwona ndugu yenu, ni hapa. Mzee mmoja akasema mtoto huyu amelishwa nini. Hakuna aliyeufungua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ungenichapa. Ulinifundisha, filamu usiyoiangalia mwenyewe usiwaonyeshe watu. Mimi sikuiangalia. Nilikuwa naogopa kukuona peke yangu.

Giza lilipoingia nikawasha. Shuka tulilotundika likawa jeupe, ukaja ufukwe, mitumbwi, wanawake wa Mugango wanaanika dagaa. Halafu ukaingia wewe. Shati lako la mikono mifupi, ule mkanda wako, mkono umeshika ningu mkubwa. Kichwa hakuna. Nilikuwa nimeshika kamera chini mno, Baba. Ulitembea kwenye shuka lile kuanzia shingoni kwenda chini, unakuja mbele, mtu mzima bila kichwa, kwenye matanga yako mwenyewe.

Bibi zangu walipiga yowe. Mmoja alikimbia akaangusha kigoda. Baba Mkubwa alisimama, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo naisikia mpaka sasa, "Umeona ulichofanya? Amekuja bila kichwa kwa sababu mmemnyima haki yake." Na wazee wakaanza kuitikia, ndiyo, ndiyo, ni pombe hiyo. Mmoja akaanza kufungua jani. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Ningezima, ungebaki hivyo vichwani mwao milele. Nikaacha iende.

Kamera ikapanda. Ikapanda ikitikisika, kidevu, mdomo, macho, ukawa mzima. Unanitazama mimi, umekunja uso, unasema kitu. Halafu unacheka, ningu anakuponyoka, unamdaka. Hakuna sauti, filamu ile haikuwa na sauti. Aliyekuwa anafungua jani akauacha mtungi, na nikasikia Mama akiliita jina lako ndani ya nyumba, mlangoni, maana kutoka haruhusiwi.

Baba Mkubwa akauliza, "Anasema nini?"

Wewe unajua kazi yetu. Kila kijiji tulichopita, filamu ya pamba, filamu ya vyoo, filamu ya kuhamia vijiji vya ujamaa, watu walikuwa hawasikii maneno ya Dar, walikuwa wanasikia ya mwenye kipaza sauti anayewatafsiria. Tukisema bwana shamba amesema pandeni mapema, basi amesema. Kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi. Midomo yako ilikuwa inacheza pale kwenye shuka, na ndugu zako wote wanasubiri. Ningesema, anasema msinywe. Ningesema, anasema Wambura mwachie mke wangu atoke. Wangeamini wote. Nani angebisha?

Baba Mkubwa akarudia, sasa ananisihi. "Muulize. Muulize kama kweli ameikataa pombe yetu."

Nikasema ukweli. Nikasema, hapa hazungumzii pombe. Ananiambia mimi, inua kamera, unanikata kichwa. Ndiyo maana mlimwona bila kichwa. Ni kosa la mkono wangu, siyo la mizimu. Kisha nikasema, na hili lisikiwe vizuri: aliyekataa pombe leo siyo yeye. Yeye amelala. Ni mimi. Mwenye kinyongo anikasirikie mimi, nipo hai na nipo hapa. Mama yangu mumwache.

Sikujua kama naweza kusema vile. Sauti haikutetemeka, na kipaza sauti kiliipeleka mpaka ng'ambo ya mashamba.

Filamu ikaisha, ni fupi ile. Wazee wanne wakabeba mtungi wakaenda kunywea nje ya ua wa minyaa, wananung'unika, na sikuwazuia, nje ni kwao. Baba Mkubwa hakwenda nao. Alikaa kwenye kigoda chake anatazama shuka tupu. Halafu akasema, bila kunitazama, "Rudia. Anzia pale kichwa kinapoingia."

Nikarudia. Ulipoponyokwa na ningu, akacheka. Alicheka kwa sauti, Baba, yule ndugu yako ambaye hatujawahi kuona jino lake, na machozi yanamtoka huku anacheka, hakuyafuta. Ilipoisha akasimama, akaenda mlangoni, akampa Mama mkono. Mbele ya watu. Akamwambia, "Shemeji, kesho nenda shamba, pamba inaharibika." Akaondoka bila kuniaga mimi. Mpaka leo haniongeleshi. Lakini mkono ule kautoa, na wazee wameuona, basi matanga yameanuliwa na hakuna wa kuyatandika tena.

Ofisini Musoma wanasema mwanamke hawezi kuzunguka vijijini na gari la sinema, wanatafuta mwanamume wa kushika kipaza sauti chako. Watafute. Jumatatu Hamisi anakwenda Bunda na mimi nakuwa kwenye gari. Atakayetaka kunishusha aje anishushe mbele ya watu, kwa Kizanaki na Kijita, tuone atawaambia nini.

Kama nitakuwa Mmormoni sijui. Usinisukume. Chai nakunywa, nimekunywa hata leo, nisikufiche.

Jana Mama katoka shamba, mikono bado ina udongo, akaniuliza ile filamu mtu anaweza kuitazama mara ngapi. Nikamwambia ukweli, kila ikipita kwenye mashine inakwaruzika kidogo, mwisho inakuwa mistari mitupu kama mvua, haonekani mtu. Ulikuwa unasemaga filamu ya pekee ifungiwe kwenye bati, iwekwe pakavu, isiguswe. Hapo nakukatalia, Baba, na hukumu yake naibeba mimi. Sikufungii kwenye bati. Mama akisema washa, nitawasha. Nitawasha kila atakaposema, mpaka mvua ile ikufunike kabisa, na hata hapo, akitaka kuitazama mvua, nitamwashia.

Lala salama, Baba yangu.

Mwanao,
Nyangeta