Foto Yangu Siku ya Dot

Graciella, leo, siku ya mahari yangu, baliniua, na hata habakunigusa.

Wale bantu ba mukopo wa mu téléphone banatuma foto yangu ku namba zote za mu répertoire yangu: HUYU MWIZI. Na deni nilishalipa!

Bantu bote, Graciella! Na mama ya Aristote, muchumba wangu!

Papa alikuwa ananiita mbele ya bote, anauliza: "Tupokee hii mali?" Nafungua kinywa, téléphone ya mama mukwe inalia. Akasoma kwa sauti. KWA SAUTI! Kisha akarudisha enveloppe ya mali mu sakoshi yake.

Yaya Gauthier, kaka yangu mukubwa, si iko avocat, mwanasheria, akasimama: "Mama, sheria inakataza kuaibisha muntu hivi. Itamulinda."

Mama mukwe akaniangalia miye: "Muzuri. Basi sheria ikuoe."

Na Aristote? Akamubebea sakoshi.