Mafundo ya Tata ku Bafil ya Winnipeg

Tata yangu Banza,

Nakupa mikono yote mbili, na najua utaangalia kwanza kama iko safi. Haiko safi. Iko na weusi wa kazi chini ya makucha, na leo sitaki hata kuiosha. Mugongo yako inaendelea namna gani? Na Mama, magoti inamuachilia kupanda ngazi ya kanisa, ao bado? Hapa Winnipeg mi niko muzima. Theluji inafika ku madirisha, navaa koti mbili moja juu ya ingine, na bukari napika kila siku, hata kama bunga ya huku iko na ladha ya karatasi.

Sasa kaa vizuri ku kiti, Tata. Nimepata kazi! Kazi ya courant, ya umeme, si ya kuosha masahani.

Niliwaandikia kama patron mumoja, mwenye kazi ya chauffage, zile mashine za kupasha nyumba joto, alinitwaa wiki tatu ya kunipima. Diploma yangu ya Kolwezi, batu ba kazi yake baliigeuza mbele na nyuma, bakanirudishia. Patron, jina yake Gérard, ni muzee wa maneno kidogo. Aliniambia: wiki tatu zikiisha, utabakia na sisi ao utarudia masahani yako. Basi, siku ya mwisho ilikuwa ijumaa iliyopita, na mi nilikuwa sijagusa hata fil moja, hata waya moja. Nilikuwa nabeba sac ya vyombo, nawashikia lampe, nafagia.

Asubuhi ya ile ijumaa tukaenda kwa mama mumoja muzee, mujane. Alitufungulia mulango na koti mwilini, na kofia, na bilauri ya chai mu mikono kwa kutafuta joto tu. Ile chauffage yake inawaka kidogo, inazima. Ku ukuta ya salon, chumba ya kukaa, kuko kamashini kadogo, kanaitwa thermostat, njo kenye kuamrisha chauffage iwake ao izime. Ni ya kisasa, inasikilizana hata na telephone. Bafundi babili balipita pale siku za nyuma, bakaibadilisha mara mbili, na joto haikukuya.

Nikaangalia écran yake, kale kakioo ka mbele, nyeusi tii. Eh Tata, kinywa kikasema chenyewe: "Courant imeenda! Tungojee, itarudi." Na taa ya salon inawaka juu ya kichwa yangu! Yule mama akacheka. Patron hakucheka. Nilisikia haya mpaka ku masikio. Kwetu Manika kitu ikizima, mutu anatafuta kwanza kiti. Huku banatafuta kosa.

Patron akafungua thermostat. Bafil tano. Akashuka mu cave, chumba ya chini ya nyumba, kwenye chauffage yenyewe: bafil tano pia. Rouge, ile nyekundu, ku nafasi ya rouge; bleu, ya rangi ya mbingu, ku nafasi ya bleu. Ile bleu njo fil yenye kurudisha courant, bila yeye écran haiwake. Akapanda, akashuka, akapanda tena. Kisha akasema, "Kila kitu iko mahali yake. Tutaita kampuni yenye ilitengeneza hii thermostat, labda jumatatu." Jumatatu! Na yule mama atalala wapi siku zile zote, mu four ya kuoka mikate?

Hapo nikasikia sauti yako, Tata. Weye, mu moulin ya kusaga bunga, tumbo chini, unatafuta fil yenye kukatika: "Ngoie, usiamini rangi. Fwata fil kutoka kichwa mpaka mukia." Nikamuambia patron, "Unipe nusu saa." Akaangalia saa yake. "Nusu saa," akasema.

Nikazima disjoncteur, courant yote ikakatika. Nikamuomba yule mama uzi ya kushona. Nikafungua bafil yote, juu na chini, na nikafunga uzi ku kila moja kule juu, vile weye unafanya: fundo moja, mafundo mbili, mpaka tano. Nikaunganisha mbili juu, nikashuka mbio mu cave, nikapima na ile chombo yenye kulia kama bafil inashikana, nikatafuta zipi zinajibu. Zikijibu, nabadilisha moja ya zile mbili juu, napima tena, mpaka nijue kila moja inaishia wapi, na huku chini nayo naifunga mafundo yake. Nikapanda, nikashuka, magoti ikawa sawa ya Mama. Patron alikuwa anakaa ku ngazi, ananiangalia kama natengeneza kikapu.

Ile ya mafundo tano, bleu ya juu, iliniitikia ku vert ya chini, ya rangi ya majani! Nikapima mara tatu. Kumbe mu ukuta, mutu wa zamani alikosa fil ya kutosha, akaunganisha vipande, na bleu yake akaifunga ku vert. Ile bleu ya chini, na vert ya juu, zilikuwa zinaenda kufia mu ukuta tu. Patron akasema, "Haiwezekani. Bleu ni bleu." Nikamujibu, "Patron, kwetu nyumba moja iko na bafil ya kutoka maduka tatu. Bleu inalala bleu, inaamka vert."

Nikaweka vert ku nafasi ya bleu, nikarudisha disjoncteur. Écran ikawaka. Chini ikaanza kunguruma, na joto ikapanda mu matundu ya sakafu. Yule mama akasimama juu ya tundu moja, akafungua koti, akatoa kofia. Tata, nililia, sikufichi. Ku gari patron akasema, "Jumatatu, saa moja, usichelewe. Na ukuye na ule uzi."

Nisalimie Mama, umuambie nashona sasa kumupita. Na Yaya Régine, mukubwa wangu, na batoto yake. Na mujomba, mwenye alisema binti ya courant hataolewa, yeye umusalimie mara mbili.

Kunabakia neno moja, na hii ukurasa usiisome mbele ya batu.

Tata, mi najua. Wakati nilikuwa nakushikia lampe ku kazi, ulikuwa unaniuliza, "Ngoie, hii ni rangi gani?" na mi nafikiri unanipima kama mwalimu. Siku moja uliniomba uzi mwekundu mu kopo ya Mama, nikakupa ya vert kwa muchezo, ukafunga, ukasema, "Hii rouge ni ya nguvu." Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nikaelewa kama macho yako haitenganishi zile rangi, na kama bapatron bako kule Kingamyambo bangejua, bangekufukuza ku kazi. Benzako ba kazi balikucheka, bakasema fundi Banza anafunga bafil kama mushonaji. Mi nikanyamaza. Sikumuambia hata Mama.

Leo nasema kwako peke yako. Patron yangu macho yake iko mazima, rangi yote anaiona, na rangi ikamudanganya. Weye haikukudanganya hata siku moja.

Ni mi, mushika-lampe wako,
Ngoie